Kukatikiwa na hedhi ukiwa na miaka 32 si sawa na 52

Wachukulie wanawake wawili ambao hawajaona siku zao kwa mwaka mzima. Mmoja ana miaka 52, mwingine 32. Wakipimwa damu, majibu yao yanaweza kufanana kabisa: estrojeni iko chini, na FSH, ile homoni inayotoka kwenye tezi ya pituitari kuzihimiza ovari zifanye kazi, iko juu. Karatasi ya maabara haitawatofautisha. Mara nyingi hata maneno wanayoambiwa hayawatofautishi vya kutosha. Mkubwa anaambiwa ni umri. Mdogo anaambiwa ni mawazo, ni uzito, ni homoni tu zimevurugika na zitakaa sawa zenyewe. Nadhani kosa letu kubwa kuhusu estrojeni liko hapo. Kiwango peke yake hakitwambii jambo la maana. La maana ni upungufu ulianza mwanamke akiwa na umri gani, umesababishwa na nini na utadumu miaka mingapi. Kwa wa miaka 52 ni hatua ya maisha, na kero zake zinatibika. Kwa wa miaka 32 ni ugonjwa unaohitaji kuchunguzwa na, mara nyingi, kurudishiwa homoni iliyopotea mpaka afikie walau umri ambao ingeondoka yenyewe.

Estrojeni tumeizoea kama homoni ya uzazi, ile inayomwotesha msichana matiti na kuuandaa mji wa mimba kila mwezi. Lakini mwili unaitumia mahali pengi: kwenye mifupa, kuta za mishipa ya damu, ubongo, ngozi, kibofu na njia ya mkojo. Mifupa ndiyo inayoonyesha kazi yake waziwazi zaidi. Kila siku kuna seli zinazoula mfupa wa zamani na nyingine zinazojaza pale palipolika. Estrojeni huwazuia walaji wasizidi. Ikiondoka, ulaji unaupita ujazaji, na hasara huanzia kwenye mfupa wa ndani wenye vitundu, hasa pingili za mgongo na mfupa wa mkono karibu na kiganja. Hakuna maumivu, hakuna uvimbe. Dalili ya kwanza huenda ikawa gauni lililokuwa limekaa sawa kuanza kushuka mbele kuliko nyuma, kwa sababu pingili za mgongo zimebonyea na mabega yameinama. Au mama anateleza kwenye sakafu ya bafu, anajizuia kwa kiganja, na mkono unavunjika kwa anguko ambalo miaka kumi iliyopita angeinuka na kuendelea na kazi zake. Daktari Fuller Albright wa Boston aliligundua hili mapema. Mwaka 1941 alieleza kwamba kati ya wagonjwa wake 42 wenye mifupa dhaifu na ambao hawajafika miaka 65, 40 walikuwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Tangu hapo uhusiano wa mifupa na estrojeni haujawahi kutikiswa.

Umri una uzito wake hapa kwa sababu mfupa ni akiba. Sehemu kubwa ya akiba hiyo huwekwa kufikia miaka 20 na kidogo. Anayeanza kuitumia akiwa na miaka 50 ana muda mfupi zaidi wa kuimaliza. Anayeanza na miaka 30 ana miongo miwili ya ziada, na anayeanza na miaka 16 hakupata hata nafasi ya kuijaza. Moyo nao unasema hivyohivyo. Watafiti waliokuwa wakiwafuatilia wauguzi wa Marekani zaidi ya 120,000 walichapisha mwaka 1987 matokeo ambayo nayaona kuwa ya msingi katika mjadala huu wote. Wanawake waliokoma hedhi kwa kawaida, wakilinganishwa na wenzao wa umri uleule na tabia ileile ya uvutaji sigara, hawakuonekana kuwa na ongezeko la wazi la ugonjwa wa mishipa ya moyo. Lakini waliotolewa ovari zote mbili na wasipewe estrojeni walikuwa na hatari ya zaidi ya mara mbili, na waliopewa estrojeni hawakuwa na ongezeko hilo. Homoni ni ileile moja; tofauti ni jinsi ilivyoondoka na wakati ilipoondoka.

Kisha kuna kazi ya Walter Rocca na wenzake wa Mayo Clinic, katika jimbo la Minnesota, walioyafuata kwa miongo kadhaa maisha ya wanawake waliotolewa ovari. Mwaka 2006 waliripoti kwamba waliotolewa ovari zote mbili kabla ya miaka 45 walikufa mapema zaidi kuliko wenzao, na hasara hiyo ilikuwa hasa kwa wale ambao hawakupewa estrojeni. Mwaka uliofuata wakaripoti ongezeko la kupoteza kumbukumbu, kubwa zaidi kadiri mwanamke alivyofanyiwa upasuaji akiwa mdogo. Mtu makini atapinga kwamba hizi ni tafiti za kutazama tu: pengine wanaotolewa ovari ni watu waliokwisha kuwa wagonjwa kwa sababu nyingine. Pingamizi hilo ni la haki na siwezi kuliondoa lote. Hata hivyo, kama ugonjwa wa awali ndio ungekuwa sababu, estrojeni isingeweza kuifuta tofauti. Na hatari isingepanda hatua kwa hatua kadiri umri wa upasuaji unavyoshuka. Wala hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu wasichana wagawiwe kwa kura nani abaki na ovari na nani azipoteze. Kwa ushahidi wa namna hii, kusubiri uhakika kamili ni kuamua kutofanya kitu.

Si jambo la wachache kama tunavyodhani. Kwa miaka mingi ilikadiriwa kwamba mwanamke 1 kati ya 100 ovari zake husimama kabla ya miaka 40. Uchambuzi wa karibuni umepandisha kadirio hilo hadi zaidi ya 3. Sababu mara nyingi haijulikani. Nyingine ni za kuzaliwa nazo, kama hali ya Turner, ambapo msichana ana kromosomu moja tu kamili ya X. Humpata takriban mtoto 1 kati ya wasichana 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa. Huyu hujulikana kwa kuchelewa: wenzake wote wamevunja ungo, yeye ana miaka 15 na kifua bado cha mtoto, na nyumbani wanasema kila mtu na wakati wake. Lakini kwa Afrika Mashariki nadhani sababu za kuangaliwa kwanza ni zile zinazotokana na matibabu na uzazi, kwa kuwa hizo tunaweza kuziona zikija.

Kutolewa kizazi kwa ajili ya uvimbe wa fibroidi ni upasuaji wa kila siku katika hospitali zetu, na uvimbe huo huwasumbua wanawake Weusi mapema na kwa ukubwa zaidi. Kizazi na ovari ni viungo viwili tofauti, lakini katika mazungumzo tunaviita kitu kimoja. Mama wa miaka 38 anatoka hospitali akijua "nimetolewa kizazi", basi. Kama ovari zimebaki, hatapata hedhi lakini estrojeni yake ipo. Kama zimeondolewa pamoja nacho, estrojeni yake imeporomoka ndani ya siku chache, si kwa miaka kama kwa wenzake. Kwa nje wanawake hawa wawili wanafanana, na kwa kuwa wote hawana tena hedhi ya kuwapa ishara, tofauti yao iko kwenye kumbukumbu za chumba cha upasuaji tu. Vivyo hivyo saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na inayowafikisha wengi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam wakiwa bado katika umri wa kuzaa. Mionzi ya nyonga inayookoa maisha yao huzizima ovari. Saratani hiyo, katika aina yake ya kawaida, hailishwi na estrojeni. Kwa hiyo hofu ya kwamba kurudishiwa homoni kutaiamsha haina msingi kwa wengi wao. Anayepona akiwa na miaka 36 ana maisha marefu mbele yake, na mifupa ya kumbeba maisha hayo ni sehemu ya kupona.

Nataka kukaa kidogo kwenye hali nyingine ambayo inasemwa mara chache mno. Mwaka 1937 Harold Sheehan, mtaalamu wa patholojia wa Uingereza, alieleza kinachompata mwanamke aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua. Pituitari hukua wakati wa ujauzito na kuhitaji damu zaidi. Presha ikishuka ghafla kwa sababu ya kuvuja damu, sehemu ya tezi hiyo hufa. Mama anaokolewa, anaongezewa damu, anarudi nyumbani na mtoto. Maziwa hayatoki. Anapewa uji, supu, karanga, anaambiwa amnyonyeshe mtoto mara kwa mara, na bado hayatoki. Miezi inapita, hedhi hairudi, na kwa kuwa watu wamezoea mama mchanga kukaa bila hedhi hakuna anayeshtuka. Nywele za kwapani na sehemu za siri alizonyoa hazioti tena. Anaona baridi mchana, anachoka kwa kufua nguo chache, anaitwa mvivu. Huyu FSH yake haitapanda, itakuwa chini, kwa sababu tezi inayoitoa ndiyo iliyoumia. Kumpa estrojeni peke yake hakutoshi na kunaweza kuficha hatari, maana pituitari hiyohiyo ndiyo inayoamuru kotisoli na homoni ya thairoidi. Bila kotisoli, malaria ya kawaida inaweza kumuua. Katika eneo ambalo kuvuja damu baada ya kujifungua bado kunaua wazazi wengi, swali "ulivuja damu sana ulipojifungua, na maziwa yalitoka?" lingepaswa kuulizwa kila mwanamke ambaye hedhi yake haikurudi.

Wapo pia wasichana wanaokosa estrojeni wakiwa na ovari nzima na pituitari nzima. Ubongo unapoona chakula kinachoingia hakilingani na nguvu inayotumika, unasimamisha amri ya hedhi. Ndicho kinachowapata wakimbiaji, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua mwaka 2014 kama tatizo la afya nzima ya mwanamichezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu wasichana wakimbiaji wa Kenya uliwaona wakiwa katika hatari ya upungufu wa nishati na kuvurugika kwa hedhi. Kambini, msichana ambaye hedhi imekatika husifiwa kwamba sasa mwili umekuwa mwepesi. Ukweli ni kwamba yuko katika miaka ileile ambayo mifupa ingejazwa, na ufa kwenye mfupa wa muundi utakaomkosesha msimu mzima ni matokeo yake. Tiba yake ni chakula na kupunguza mzigo wa mazoezi. Kumpa vidonge vya majira ili aone damu kila mwezi kunamtuliza kocha, lakini damu hiyo inaletwa na kidonge na haithibitishi kwamba mwili umepona.

Ili nisieleweke vibaya: si kila upungufu wa estrojeni ni hatari. Mama anayenyonyesha estrojeni yake huwa chini, na hupoteza kiasi cha madini ya mifupa, lakini baada ya kumwachisha mtoto mifupa hujijenga tena. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo hushusha estrojeni na kupunguza uzito wa mifupa kwa muda. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali kwa sababu hiyo. Shirika la Afya Duniani, likitazama ushahidi uleule, lilisema mwaka 2005 kwamba wanawake wa miaka 18 hadi 45 wasizuiwe kuitumia, kwa kuwa mifupa hurejea wakiacha. Naona Shirika lilikuwa sahihi. Hasara inayorudishwa na ile isiyorudi hazifai kuogopwa kwa kiwango kimoja.

Kwa nini basi hali isiyorudi inapita bila kuonekana? Kwa sababu dalili zake zinafanana na magonjwa tunayoyajua zaidi. Joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni huonekana ni homa, na mgonjwa anapimwa malaria na taifodi. Jasho la usiku ni dalili ya kifua kikuu pia, kwa hiyo kupima ni sawa kabisa. Tatizo ni pale majibu yanapotoka safi na maswali yakaishia hapo. Mfano wa kusikitisha zaidi ni UTI inayojirudia. Estrojeni ikipungua, ngozi laini ya uke na ya mlango wa mkojo husinyaa, bakteria walinzi wanapotea, na wale wa kutoka njia ya haja kubwa wanapata makazi. Mwanamke anapewa antibayotiki, anapona wiki mbili, anarudi, anapewa nyingine yenye nguvu zaidi. Mwaka 1993 watafiti Raul Raz na Walter Stamm walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanawake 93 waliokoma hedhi na wenye tatizo hili. Waliopakwa krimu ya estrojeni ukeni walipata maambukizi kwa wastani wa mara 0.5 kwa mwaka. Waliopakwa krimu isiyo na dawa, mara 5.9. Hapa hata mama wa miaka 60 anahusika, kwa sababu krimu hiyo hufanya kazi mahali inapopakwa na kidogo sana huingia kwenye damu. Anapoendelea kumezeshwa antibayotiki tu, hasara si yake peke yake, ni ya kila mtu atakayezihitaji dawa hizo kesho.

Pingamizi zito kuliko yote ni saratani ya matiti, nalo lina historia. Mwaka 2002 jaribio kubwa la Marekani la wanawake 16,608, lililojulikana kwa kifupi kama WHI, lilisimamishwa kabla ya muda wake. Waliotumia estrojeni pamoja na projestini, dawa inayofanya kazi kama homoni ya projesteroni, walipata saratani ya matiti 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, pamoja na ongezeko la kiharusi na damu kuganda. Habari ilizunguka dunia, na mamilioni wakaacha dawa. Kisichozunguka ni kwamba wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63. Jaribio lilitaka kujua kama homoni zinawakinga wanawake wa umri huo na ugonjwa wa moyo, na jibu lilikuwa hapana. Halikuwa na la kusema juu ya mwanamke wa miaka 34 aliyepoteza ovari. Yeye hapewi homoni ya ziada; anarudishiwa ile ambayo dada yake wa umri uleule anayo mwilini bila mtu kuihofia. Zaidi ya hayo, sehemu ya pili ya jaribio hilo, ya wanawake 10,739 waliokwisha kutolewa kizazi, ambapo baadhi walipewa estrojeni peke yake, ilionyesha ongezeko la kiharusi, lakini katika ufuatiliaji wa takriban miaka 20 uliochapishwa mwaka 2020 saratani ya matiti ilikuwa pungufu kwa waliopewa estrojeni. Tahadhari za kweli zipo. Mwenye kizazi hapaswi kupewa estrojeni bila projesteroni, kwani tangu mwaka 1975 inajulikana kwamba estrojeni peke yake huleta saratani ya ukuta wa mji wa mimba. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au damu kuganda anahitaji njia nyingine. Tahadhari hizo ni sababu ya kumwona daktari, na kwa mwanamke kijana aliyekosa homoni yake mapema hazitoshi kuwa sababu ya kumnyima tiba.

Wengine watasema bibi zetu walikoma hedhi na hawakumeza kitu. Kwa bibi aliyekoma na miaka 50 hoja hiyo ina nguvu, na sioni haja ya kumfanya kila mwanamke wa umri huo mgonjwa. Mwenye kero atibiwe, asiye nazo aachwe. Lakini hoja ya asili ndiyo inayomtetea mwanamke kijana, kwa sababu asili ilimpangia estrojeni mpaka karibu na umri huo. Kuhusu soya, ufuta na unga wa mizizi unaouzwa mitandaoni kwa jina la kusawazisha homoni: chakula ni kizuri na kiliwe, ila kemikali za mimea zinazofanana na estrojeni ni dhaifu mno kuziba pengo la ovari mbili, na chupa isiyoandikwa kipimo haiwezi kuitwa tiba ya mfupa unaolika.

Linabaki suala la fedha. Ni kweli kwamba viraka na jeli za estrojeni ni adimu na ghali kwetu. Lakini vidonge vya majira vyenye homoni mbili viko kwenye zahanati, na miongozo ya kitaalamu inavikubali kama mbadala kwa mwanamke kijana ambaye ovari zimesimama, ingawa dawa maalumu za kurudisha homoni hulinda mifupa vizuri zaidi. Akiwa na presha ya juu, anavuta sigara baada ya miaka 35, au ana kipandauso kinachoanza na vimulimuli machoni, havimfai. Kwa wengine, kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha kidonge kilichopo na mgonjwa aliyepo. Hilo lingeanza na gharama ya wino tu, kwenye karatasi ya ruhusa anayopewa mwanamke siku ya kutoka wodini baada ya upasuaji wa nyonga: ovari ya kulia imebaki au imetolewa, ya kushoto imebaki au imetolewa, na kama zote zimetolewa, anaanza dawa gani, kwa kipimo gani, na mpaka mwaka gani.